Mawese ya Taa ya Kanisa la Albertville

Kigoma. Sikuwa na hamu ya kuvuka ziwa mwaka ule wa 1965. Mimi ni karani wa stesheni, mtu wa tiketi na mihuri, na tumbo langu halipatani na mawimbi. Lakini kaka yangu Damiano, katekista wa Albertville, mji wa babu yetu ng'ambo ya Kongo, alikuwa ameuawa katika vita vya mwaka uliotangulia, na sikuwa nimeliona kaburi lake. Nilitaka pia kumchukua mjane wake, Mama Veronika, aje akae kwangu.

Kabla sijaondoka, padri mmoja mzee aliniita. Alikuwa paroko wa Damiano. Vita vilipoukaribia mji wenzake walimvusha, na tangu hapo akawa anakaa misheni kwetu. Nilimkuta kitandani, amekonda hadi amebaki ndevu tu. Aliniambia kwamba alfajiri ya kukimbia alizila hostia zote, mkate wa Sakramenti, zilizokuwamo katika tabernakulo, kile kisanduku cha altare, zisije zikachezewa na watu wenye bunduki. Ndivyo ilivyompasa. Lakini pasipo na Sakramenti taa nyekundu ya altare huzimwa, na yeye, kwa haraka ile, hakuizima wala hakumwambia Damiano kwamba mle ndani hamna kitu. Baadaye mkimbizi mmoja akaleta habari kuwa katekista amepigwa risasi njiani, mkononi ana kopo la mawese.

"Alikwenda kutafuta mafuta ya taa ile," padri alisema. "Amekufa akilinda sanduku tupu, kwa sababu mimi nilisahau. Mwambie mjane wake. Uniombee msamaha."

Nilitoka bila kuaga. Ndugu yangu mmoja tu, tumbo moja, afe kwa usahaulifu wa mtu! Nilimchukia mzee yule, na sikuona haya kumchukia.

Ziwani. Nilipanda mashua ya injini ya mfanyabiashara wa chumvi. Nilitapika mpaka mabaharia wakanitania kwamba nawalisha samaki wao. Nilipopata nafuu nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia shemeji. Kila nilivyoyapanga, yalikuwa yanamuua Damiano mara ya pili. Nikaomba safari iwe ndefu, mimi niliyekuwa nikiililia ifike mwisho.

Albertville. Bandarini mabehewa yalikuwa yamesimama na matundu ya risasi ubavuni, na nyasi zimeanza kuota kati ya reli. Mwanajeshi alipekua mzigo wangu, akauliza ninakwenda kwa nani. Nikasema kwa mke wa Damiano, katekista.

"Damiano wa taa?" akasema. "Panda huku juu, Papa. Batu bote banamujua."

Kando ya kanisa yapo makaburi ya mapadri wa kwanza, ya saruji, majina yamechongwa. Tangu utotoni tulisimuliwa habari zao: walivyofika, walivyowakomboa watumwa, homa ilivyowamaliza. Babu yetu alikuwa mmoja wa waliokombolewa, na matofali ya kuta zile aliyabeba yeye na wenzake. Jina lake halipo popote. Siku ile niliyasoma majina ya saruji yote, tena polepole, maana niliogopa kufika nyumbani kwa Veronika.

Alinipokea mlangoni, kitambaa cheusi kichwani. Nikaanza kusema, akanikata. "Kula kwanza, shemeji. Kulia tutalia kisha." Akaniwekea bukari, ugali wao wa muhogo, na samaki mgebuka. Nilikula, naye akiniangalia kama mama anayelisha mgonjwa.

Makaburini tulikwenda asubuhi, pamoja na Papa Salumu, Mwislamu mwenye kuuza mawese karibu na soko. Ndiye aliyemuokota Damiano barabarani, akamchimbia kaburi akisaidiwa na wanawe, wakati Wakristo wenzake marehemu wamejificha. Palikuwa na kifusi tu na kipande cha bati. Jina lilikuwa limeandikwa kwa makaa, mvua imelifuta.

"Nilimujazia kopo," Papa Salumu alisema. "Nikamwambia, baki hapa, masasi inalia. Akakataa." Kisha akasogea pembeni, akatuachia nafasi.

Hapo nikamweleza Veronika maneno ya padri, yote, bila kuyapamba. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mupe anafikiri Damiano hakujua?" akauliza. Mupe ndivyo wanavyomwita padri kule. "Alijua, shemeji. Ile siku bombu ilianguka karibu na gari la moshi, kanisa yote ikatetemeka. Akaogopa Sakramenti itaungua. Akakamata ufunguo, yeye ambaye hata kugusa ule mulango hakuthubutu, akafungua ailete nyumbani. Akakuta hamuna kitu. Alirudi akakaa chini, akalia kama mutoto."

"Na taa?"

"Nikamwambia tuzime, ile mafuta nipikie. Akasema, Vero, bamama banalala mule kanisani na batoto. Taa ikizimika bataniuliza, Mungu naye amekimbia? Nitabajibu nini?" Akashika bati lile, akalisimamisha vizuri. "Kopo ni mimi nilimupa. Ningelificha, angebaki nyumbani."

Akalia, nami nikalia. Papa Salumu alikuwa amevua kofia yake, anaangalia ziwa.

Safari ya kurudi niliifunga peke yangu. Nilimsihi Veronika, nikamweleza habari za chumba nilichomtengenezea, akatikisa kichwa. "Nikienda, hapa nani atapalilia?" Nilipomuuliza nimpe padri jibu gani, aliendelea kufunga samaki wakavu katika majani, zawadi ya watoto wangu. Nikauliza tena. Akanikabidhi mzigo, akanitakia njia njema.

Kigoma. Nilikwenda misheni na vumbi langu miguuni. Njiani nilikuwa nimejifunza jambo moja, nalo linaniuma mpaka leo: tunawakumbuka waliolijenga kanisa, lakini aliyewazuia watu wasikate tamaa ndani yake hana hata msalaba wa mti. Nilimsimulia padri kila kitu, tangu ufunguo mpaka kopo. Alijifunika uso kwa shuka.

"Alijua," akawa anarudia. "Alijua." Kisha akaifunua shuka. "Na mimi? Mjane amesema nini juu yangu?"

Hasira niliyoondoka nayo niliitafuta, sikuiona.

"Hajasema kitu, Padri."