Chumba Nilichopanga Mnazi

Mjukuu wangu mmoja alinipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniomba ushauri. Amepata kazi katikati ya jiji, na ndugu zetu wanaoishi huko pembezoni wamempa chumba cha bure. Tatizo ni njia: asubuhi yote inaishia barabarani na jioni yote vilevile. Akihama, ndugu watachukia. Nilimwambia apange karibu na kazi, na ndugu wachukie mpaka wachoke. Akacheka, akadhani bibi anatania. Sikuwa natania. Mimi nilichukiwa na ukoo mzima kwa ajili ya chumba kimoja cha udongo huko Mnazi, na hadi leo sijamwomba mtu radhi.

Kwetu ni Mlalo, milimani, upande wa ukingoni, ambako ukisimama nyuma ya nyumba unaiona nyika yote imelala chini. Familia nyingi zilikuwa na mashamba mawili: la juu la migomba na maharage, la chini la mahindi. Kulima nyika hakukuwa na neno. Kulala nyika ndiko kulikokatazwa. Ulishuka alfajiri, ukalima, ukapanda jioni hata kama magoti yanalia. Waliolala huko waliitwa wapumbavu wakiwa hai na marehemu baada ya muda mfupi. Nyika ina homa, mama alikuwa akisema, na nyika haina wazee. Nenda kahesabu mvi utakazokuta.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Nilipokuwa darasa la pili, kabla ya Uhuru, baba alishuka kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Akalala huko siku kadhaa, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Homa ikamshika. Wanaume wanne wakashuka na machela, yaani blanketi lililofungwa kwenye miti miwili, wakambeba kumleta nyumbani, kwa kuwa mtu wa kwetu hafii nyika. Njiani walipita zahanati ya shamba la mkonge. Hawakusimama, maana giza lingewakuta mlimani. Baba alikata roho kwenye kona za juu, pale ambapo tayari mtu anasikia kuku wa kwetu. Mama alitukusanya watoto akatuambia, "Baba yenu ameuawa na kulala nyika." Tukaamini, na mimi niliamini kuliko wote.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha nilimaliza chuo cha ualimu, nikapangiwa shule moja ya Mnazi, huko chini nyikani. Nilikuwa nimeomba Magamba au Lushoto mjini, hukohuko milimani, lakini siku zile mwalimu hakuchagua. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mtumishi aishi na wananchi, alime nao, ale wanachokula. Mama alisikiliza maneno hayo yote nilipomsomea barua, akasema, "Sawa, utakula nao mchana." Kisha akamshukuru Mungu kwamba nimepangwa karibu. Kutoka mlangoni kwetu hadi shuleni, alisema, ni mwendo wa kushuka tu.

Hapo ndipo penye kosa letu watu wa milimani, kosa ambalo sijaliona kwa watu wengine. Sisi tunahesabu safari kwa kushuka. Kupanda hatuhesabu, kwa sababu unapanda kwenda nyumbani, na mtu hahesabu njia ya nyumbani kwao. Mimi mwenyewe, pamoja na cheti changu cha ualimu, nilihesabu hivyohivyo. Saa ya mkononi sikuwa nayo, nikawa napima njia kwa nyimbo za kanisani. Kushuka kulikuwa nyimbo ishirini na mbili, beti zote. Nilipojaribu kupima kupanda, sikufika wimbo wa tatu. Pumzi ya kuimba haikuwepo. Nikapanda kimya, na njia ile ikabaki haina hesabu.

Muhula mzima nilikwenda na kurudi. Niliondoka jogoo hawajawika, nikafika shuleni miguu inatetemeka kiasi kwamba nilifundisha nimeegemea ubao. Mvua ikinyesha njia inakuwa utelezi, unashuka kwa makalio, na mwalimu anaingia darasani na tope mgongoni. Watoto wangu wa darasa la tatu walikuwa wanajifunza kusoma katika kipindi cha kwanza, na kipindi cha kwanza mimi nilikuwa bado kwenye wimbo wa kumi na nane. Nilipofika niliwakuta wamekaa wima, vitabu wamefungua, wananisubiri. Hawakulalamika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kalamu nyekundu ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kusini, mpole, asiyepandisha sauti. Aliniita akanionyesha daftari la mahudhurio, wekundu juu hadi chini.

"Mwalimu, nimeandika barua kwa Afisa Elimu," alisema. "Bado sijaituma. Ukichelewa tena naituma, na hiyo kazi ndiyo basi."

"Natoka mbali, mwalimu."

"Najua unakotoka. Ninachouliza mimi ni kwa nini unarudi."

Kulikuwa na walimu wawili wanaume wa kwetu waliokuwa wakipanda na kushuka kama mimi, ila wao walifika kipindi cha tatu na wakati wa masika hawakufika kabisa. Waliniambia nisihangaike, huyo mzee atazoea. Mimi sikutaka azoee. Niliipenda kazi ile. Ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakuna aliyenipa kwa hisani.

Basi nikatafuta chumba. Kwanza nikafanya ujinga wa kutaka kuwaridhisha wote: nikapanga katikati ya mlima, kwenye kitongoji kilichokaa kwenye bega la mlima. Si nyika, nilimwambia mama, na si mbali. Kushuka kutoka pale ni nyimbo tisa. Umeona nilivyohesabu. Baada ya kazi za shamba la shule, jua likiwa kali, nilipanda jiwe kwa jiwe hadi kwenye chumba kisicho na maji, nikashuka tena kuyafuata kijitoni. Nilikuwa nimehama kwa mama bila kufika kazini. Nilivumilia mwezi mmoja nikafunga mzigo.

Mara ya pili nilihesabu kwenda na kurudi. Nyuma ya shule, ukivuka mfereji na kibanda cha mashine ya kusaga, palikuwa na nyumba ya bibi mmoja Mwislamu, Mshambaa kama mimi lakini mzaliwa wa nyikani. Alikuwa na chumba cha uani kilichobaki wazi tangu mwanawe wa mwisho aoe. Kutoka mlangoni pake hadi ubaoni kwangu ilikuwa ubeti mmoja na kiitikio. Kurudi ilikuwa ubeti uleule, na niliweza kuuimba. Nilijaribu mara mbili, bibi akiwa amesimama uani ananitazama.

"Unaimba nini, mwalimu?"

"Napima njia, bibi."

"Na imekutosha?"

Nikamwambia imenitosha. Akanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi niandikwe. Balozi akauliza natoka wapi, nikasema Mlalo, akaweka kalamu chini. "Mtu wa Mlalo atalala hapa?" Bibi akamjibu kwamba hata yeye balozi analala hapa, na mbona hajafa.

Nikawa nalala hadi adhana. Nanawa uso, nakunywa chai, natembea ubeti wangu mmoja, na watoto wananikuta mimi ndiye ninayewasubiri. Wiki ya kwanza hawakujua la kufanya kwa furaha. Mwalimu mkuu alifungua daftari, akatia wino wa bluu. Alasiri nilikuwa na saa kadhaa ambazo sikuwahi kuwa nazo. Niliwarudisha watoto wazito wa kusoma, tukakaa barazani kwa bibi, na kabla muhula haujaisha kila mmoja wao alisoma ukurasa mzima mbele ya mwalimu mkuu. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwamba njia inakula maisha ya mtu. Nililijua hilo siku nilipoacha kuitembea.

Mama aliposikia nalala wapi hakuja. Alituma neno kupitia kwa walimu wale wawili: nichague kati ya chumba hicho na nyumba yake. Nikatuma jibu kwamba nyumba yake naipenda, na kazini nitaendelea kuwahi.

Sasa niseme la aibu yangu. Bibi alinipa chandarua. Milimani hatukuwa navyo vyandarua, na mimi sikutaka kuuliza kinafungwaje, mwalimu mzima. Nikakikunja vizuri nikakifanya mto. Nililala juu yake wiki tano, mbu wakinila nami nikijikuna. Homa iliponiangusha bibi aliingia kunitazama, akakivuta chandarua chini ya kichwa changu, akakaa kitandani akacheka hadi machozi. Kisha akanishika mkono tukaenda zahanati, hatua chache tu. Nikachomwa sindano, nikapewa klorokwini, vidonge vichungu vilivyoniwasha ngozi mwili mzima. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa uani nimejifunika kanga, nakunywa uji.

Ndipo walipotokea. Mama mbele, mjomba nyuma yake na vijana watatu wa kanisani, na mabegani mwao machela. Walimu wale wawili walikuwa wamepandisha habari kwamba nimezidiwa, pengine sitamaliza wiki. Mama alikuwa hajashuka mlima ule tangu baba afe. Viatu alikuwa amevishika mkononi, miguu ina vumbi hadi magotini. Aliingia uani amejaa maneno, na ninajua yalikuwa makali, kwa sababu midomo ilikuwa imeshaanza kutembea. Akakutana na bibi anatoka jikoni na sufuria.

Mama akasimama. Bibi alikuwa amejikunja mgongo, kichwa cheupe chote, meno mawili. Hata kwetu ukingoni hapakuwa na mwanamke wa umri ule. Na mama yangu alikuwa mtu wa adabu. Hasira yake haikuwahi kutangulia salamu.

"Shikamoo," mama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetoka mbali."

Nilimwona mama akimtazama, akimtazama tena. Kisha akanigeukia mimi. "Panda," alisema, akionyesha machela. Vijana walikuwa wameshaiweka chini mbele yangu na kukunjua blanketi.

"Sipandi, mama."

"Utafia hapa."

"Nimeshapona. Zahanati ni hapo, unauona mlango wake."

Mjomba akasema mtoto hajibizani na mama yake, hasa mgonjwa. Akaninyanyua kwa kwapa. Nikaikumbatia nguzo ya kibaraza kwa mikono yote miwili, mwalimu wa serikali, kanga imedondoka, na watoto wa darasa la tatu wameshajaa kwenye ua wanatazama. Nikasema jambo ambalo katika nyumba yetu halikuwahi kusemwa.

"Baba hakuuawa na kulala. Baba aliuawa na kupanda. Walipita zahanati wakiwa wamembeba akiwa hai, wakampandisha ili asifie nyika. Na nyinyi mmekuja kunipandisha mimi."

Mjomba aliniachia. Alikuwa mmoja wa wale wanne waliombeba baba, na mimi nilipokuwa nasema nilijua hilo. Akaketi juu ya kinu cha kutwangia kilicholazwa uani, akashika kichwa. Vijana wakatazama chini. Hakuna aliyenikemea, na ningependa kusema nilijuta, lakini sikujuta. Nilisikia uchungu kwa ajili ya mjomba, na bado ningesema tena.

Mama hakulia. Alikaa muda mrefu kwenye kigoda alichopewa na bibi, akanywa maji, akavaa viatu. Kisha akawaambia vijana wakunje blanketi. Aliingia chumbani kwangu peke yake. Nilimsikia akivuta chandarua, akikichunguza kilivyofungwa, akivuta tena upande wa ukutani. Alipotoka hakunitazama. Alimwendea bibi, akamsemesha kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini ya kumsemesha mkubwa.

"Uji umpe ukipoa kidogo. Tangu mdogo hanywi wa moto."

Bibi akasema amesikia. Mama akatangulia kuelekea mlimani, na vijana wakafuata na miti mitupu mabegani. Kwangu hakusema neno siku ile, wala mwaka ule wote. Jumatatu nilikuwa darasani kabla ya kengele.