Milango ya Chamazi na Madigadi Yangu

Nilitoka Mwananyamala kwenda Chamazi kwa sababu ya ubishi. Nyie wa kijiweni mnajua nilikuwaga nasema wasomi wa chuo kikuu kazi yao kuuliza watu vitu ambavyo hata mbuzi anavijua. Sasa Jumanne, shule zimefunga, akaja dada mmoja, Rehema, miwani usoni, begi limejaa makaratasi, anatafuta bodaboda wa kutwa nzima. Anafanya utafiti: watoto wa darasa la tatu kule pembezoni mwa Temeke wanajua kusoma au hawajui? Na imebaki siku hiyo hiyo tu, kesho yake anakabidhi kazi kwa profesa wake. Mkanisukumia mie: "Side, nenda kamfundishe utafiti." Haya, nimerudi. Sikilizeni.

Saa moja na nusu asubuhi tukashika Kawawa, tukatokea Chang'ombe, tukaingia Kilwa Road. Njiani nikamuuliza, "Sista, kwa nini usiulize nyumba tatu za karibu, zilizobaki ukajaza kwa akili? Nani atajua?"

"Mie nitajua," akasema. "We angalia mbele, kuna lori."

Kweli, kulikuwa na lori.

Saa tatu, Chamazi. Kumbe msomi haibuki tu na kupiga hodi. Kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, barua, muhuri, shikamoo kwa kila mwenye mvi. Yeye yuko ndani, mie nje kwenye banda la chapati. Akina mama wakaniuliza, "Huyo uliyemleta nani?"

Mdomo wangu mnaujua. Nikasema, "Mtu wa chuo kikuu, mama zangu. Mtoto asiyejua kusoma anaandikwa, anapewa unga na madaftari." Wakacheka, nikacheka, nikaagiza chapati ya pili. Nikajua utani umeishia hapo.

Saa nne tukaanza. Sista anahesabu milango: kila wa saba, huo huo, hata kama una mbwa. Nikamwonesha nyumba moja ina kivuli na viti, akakataa, ni ya sita. "Nikichagua mwenyewe nitachagua wanaonichekea," akasema. Kila nyumba anaeleza kilichomleta, anaomba ruhusa, mama akikubali anatia saini, ndo mtoto anapewa karatasi yenye hadithi ya kuku wa bibi.

Nyumba ya kwanza, mtoto hajui. Ya pili hajui. Ya tatu hajui hata a. Ya nne kabinti kanaitwa Shamila, kakaikodolea karatasi mpaka machozi yakakatoka. Sista anaandika, uso umemshuka. Mie jasho linanitoka, na jua lenyewe bado halijakolea.

Nyumba ya tano, Mwajuma. Mama yake akawahi: "Huyu ndo kabisa, mwanangu. Gogo! Tuandikie." Mwajuma akatikisa kichwa kama alivyofundishwa. Nikatoka nikaegemea pikipiki, naye akanifuata. Akasimama nyuma, akasoma kwa sauti stika iliyobandikwa kwenye madigadi yangu, kile kikinga-matope cha tairi, hakukwama popote: "Wivu wako ndo petroli yangu." Halafu akaniuliza, "Kaka, sasa watu wakikupenda si utaisukuma pikipiki?"

Nikageuka. Sista alikuwa kasimama mlangoni.

"Mama, nani kawaambia mseme hajui?"

Mama akajifunika khanga usoni. "Si huyo dereva wako! Kasema kuna unga."

"Ni mie, sista," nikasema. "Nilikuwa natania."

Hakunitukana, na hilo ndo liliniuma. Alitoa karatasi zote tano akazipiga mstari. Nikamwambia muda umekwenda, aziache tu.

"Nikiziacha, mwalimu aliyemfundisha huyu mtoto ataonekana hafundishi. Utaenda kumwomba msamaha we?" Halafu akanituma. "Ulikopitisha uongo, pitisha ukweli. Mlango kwa mlango. Nakuja nyuma yako."

Saa saba mchana, jua la utosi, nabisha hodi. "Shikamoo mama, hakuna unga." Mmoja akaita majirani: "Njooni mumuone bwana unga, kaja mikono mitupu!" Mama chapati akasema nizitapike chapati zake. Nikavumilia. Na watoto wakasoma! Mmoja alisoma huku analia kama kuku kabisa, kookoo, kookoo.

Tukafika tena kwa Shamila. Mama yake akasema taratibu, "Mie sikudanganya. Huyu hajui kweli. Unga kaeni nao."

Shamila akaishika karatasi. "Maandishi yanachezacheza," akasema.

Sista akamtazama, akamtoa nje, akamsimamisha ng'ambo ya uchochoro, mbali na pikipiki. "Soma pale kwenye madigadi."

"Wivu... wako... ndo petroli yangu."

Mama yake akakaa chini mchangani. Mwaka mzima kamchapa kwa uvivu, kumbe macho. Vya mbali anaona, vya karibu haoni. Sista akamwandikia pa kwenda kupima, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilipozipiga mstari zile tano, nilimhesabu pamoja na waongo. Tusingerudi, tungemwacha hivyo hivyo."

Tulimaliza nyumba ya mwisho jua linazama. Kurudi, foleni ya Mbagala Rangi Tatu imesimama kabisa, nikamuuliza kama nitaandikwa kwenye kazi yake.

"Kuna sehemu ya makosa ya utafiti. Utakuwemo."

"Jina usiweke, sista."

"Nitaandika msaidizi."

Msaidizi! Darasa la saba langu hili! Nilitabasamu mpaka Mtoni, nikakumbuka ni sehemu ya makosa, nikaacha.

Basi nilichojifunza ni hiki: hata kama mbuzi anajua jibu, mtoto lazima aulizwe mwenyewe, na mwenye mdomo kama wangu akae mbali anapojibu. Ijumaa sipakii mtu yeyote hapa kijiweni. Nampeleka Shamila na mama yake kupima macho. Na ile stika mliyosema ya kishamba, niibandue, siibandui ng'o.