Ukoko wa Jirani

Leo nimeacha wali motoni kupita kiasi. Harufu ya ukoko ilipopanda nikasimama ghafla, mwiko mkononi.

Utotoni mwangu, jirani yetu wa Matonge, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, alikuwa mama wa Jamhuri ya Dominika. Kwake ukoko ulikuwa heshima. Aliukwangua chini ya sufuria, akampa mgeni kwanza, na sisi watoto tukagombania vipande vilivyobaki, tukivitafuna kwa kelele.

Siku moja mama yangu akiwa kazini, jirani alinichukua hadi Uccle, mtaa wa matajiri, alikopikia familia ya Waingereza. Jiko lao lilikuwa pana kuliko nyumba yetu na yake pamoja. Alipika wali, akachagua kipande cha ukoko chekundu, kinachong'aa mafuta, akamwekea binti yao sahanini.

Mama mwenye nyumba akaingia.

"Unampa mwanangu chakula kilichoungua?"

Wala hakufoka. Alichukua ile sahani, kisha sufuria nzima, akamwaga vyote vilivyomo kwenye pipa la taka. Nikamtazama jirani yangu, ambaye sauti yake kule kwetu iliwanyamazisha hata walevi wa ngazini. Nilingoja aeleze.

"Pardon, madame," akaomba radhi, macho chini.

Jioni alipika wali kwake. Mama yangu alipokuja kunichukua, akatania kama kawaida:

"Bon, maman, ukoko ya mutoto iko wapi?"

Jirani alifungua bomba akaijaza sufuria maji, nami nikabaki nimeshika sahani yangu, nikiutazama ukoko ukilainika.