Jani la Sale Mlangoni kwa Hanna

Hanna hakuwa na ugomvi na intaneti. Ugomvi wake, tangu afiwe na mumewe, ulikuwa na shemeji yake Sifaeli, kaka mkubwa wa marehemu, na chanzo chake kilikuwa mpaka wa shamba. Sasa sikia balaa: siku ile ile binti yake alipoihitaji intaneti kuliko chakula, mambo hayo mawili yakakutana mgombani.

Rachel alikuwa amemaliza chuo zamani, akizunguka na bahasha mpaka viatu vikaisha soli. Ghafla kampuni ya nje ikamwita kwenye usaili wa kazi ambayo angeifanya akiwa hapo hapo nyumbani, Sekei. Usaili ni mtandaoni, saa tisa alasiri, na walisema wazi: ukikatika, anaitwa mwingine. Bando la simu pale kwao lilikuwa la kukwamakwama, picha inaganda mtu kaacha mdomo wazi. Ndiyo maana asubuhi ile fundi Lesian alikuja kuwavutia waya wa intaneti.

Hanna akaingia jikoni kumchemshia chai, maana kwake fundi hafanyi kazi na njaa. Alipotoka, nusura kikombe kimdondoke. Lesian alikuwa amekwisha kufukia waya kutoka nguzo ya barabarani hadi dirishani, na ili njia inyooke, ameyang'oa masale yote, ile mimea ya majani marefu ya mpakani.

"Mama, si maua tu haya?" Mtu wa Monduli, angejulia wapi?

"Maua! Weee! Huo ndio mpaka wetu! Aliyapanda baba mkwe kwa mkono wake!"

Kwa Wameru kama wao, kung'oa sale la mpaka ni kutangaza vita. Sifaeli akirudi kutoka mnadani Kikatiti ayaone, ataung'oa na waya. Presha ikampanda Hanna. Akachuma jani moja la sale, akalifunga fundo.

"Mama, yaani unaenda kupiga magoti kwa jani?" Rachel aliuliza.

"Jani hili likiletwa halikataliwi, mwanangu. Hata kama mtu kakuulia ng'ombe. Unalipokea, yanaisha."

Akamkuta Sifaeli getini kwake, ndiyo kwanza anafika. "Shikamoo, shemeji," akasema, akalitoa jani kwa mikono miwili, akaeleza yote bila kuficha kitu.

Mzee alilitazama lile jani. "Miaka yote umeshindwa kuja. Leo umeletwa na waya."

"Nimeletwa na waya, ndiyo. Nisamehe."

Akalipokea. "Yameisha, Mama Rachel. Nenda kamwangalie mtoto."

Saa tisa, taa ya kiboksi cha intaneti alichokifunga Lesian ilikuwa ya kijani. Rachel, koti la ofisini juu na kanga chini, alikuwa mbele ya kompyuta. Hanna alikaa nje ya mlango wa chumba, mikono kifuani, akiomba Mungu kimoyomoyo. Kiingereza hakukielewa chote, ila kicheko cha Rachel alikielewa. Loo, mambo yalikuwa yananyooka! Kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta pumzi ndefu.

Kisha akasikia: "Hello? Hello?" Taa ikawa nyekundu.

Hanna alitoka mbio. Kule mpakani Sifaeli alisimama na jembe, jasho linamtiririka, na masale yote yamerudi kwenye mstari wake, udongo umeshindiliwa vizuri.

"Nimeyapanda mwenyewe, shemeji. Nimeona nisiwasumbue," alisema kwa furaha. Kisha akaona macho ya Hanna yalikoelekea. Miguuni pake, waya ulikuwa umekatwa vipande viwili. "Mungu wangu. Ndio huu?"

Hasira ilimwaka Hanna. Lakini wa kumtukana hakuwapo, maana mzee alikuwa ametenda wema. Akarudi ndani. Rachel alikuwa ameiinamia kompyuta, akilia. Simu yake ilikuwa imeingiza ujumbe: wanamshukuru, wanaendelea na mwingine.

Mlango ukagongwa. Sifaeli alisimama kizingitini, kofia kaivua, jani la sale lililofungwa fundo likiwa mkononi.

"Mwanangu Rachel, nisamehe."

Rachel akamgeukia mama yake. Hanna alitamani kumwambia alitupe, alikanyage, amfungie mzee mlango. Lakini maneno yake mwenyewe ya asubuhi yalikuwa yamemfunga mdomo. Akainamisha kichwa.

Rachel akafuta machozi kwa pindo la kanga, akanyoosha mikono yote miwili.

"Yameisha, baba mkubwa," alisema, akalipokea.