Nesi wa Shule na Swali Lisiloulizwa

Wanafunzi walimwita Mama Vidonge, naye hakukasirika; nesi aliyemtangulia walimwita Chura. Alikuwa na mwili mkubwa na mdomo usio na breki. Zahanati yake ilikuwa stoo ya mipira kabla ya kuwekwa kitanda, mizani na pazia. Kwa miaka kumi na tisa aliwatibu wenye homa na wenye homa ya hesabu, na aliwatofautisha kwa kuwatazama tu.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alimshinda. Tumbo lilimuuma kila siku kengele ya mapumziko ikilia.

"Tumbo lako limemeza saa?" alimtania.

Binti hakucheka. Aligeukia ukuta.

Ndipo Mama Vidonge akashtuka. Mvivu hukimbia kipindi. Nani anayekimbia mapumziko? Kesho yake akaenda kuchungulia uwanjani. Kila mara binti alipokaribia benchi, wenzake walitandaza mabegi asipate pa kukaa.

Alirudi, akafunga pazia.

"Usiku unalala?"

"Kidogo."

"Nyumbani unakaa na nani?"

"Na baba. Ila ni kama nakaa na viatu vyake mlangoni."

"Mwanangu, mimi sijui kuzunguka mbuyu. Unawaza kufa?"

Binti alimkazia macho. "Kila siku. Umejuaje?"

"Sikujua. Ndiyo maana nimeuliza."

Mama Vidonge akamsogelea. Aliketi kitandani, kitanda kikalia, wakakaa hivyo, bega kwa bega. Hakumwacha peke yake hata dakika moja. Alituma mtu amwite baba mtu, na mkuu wa shule.

Mkuu, mtu wa kupiga pasi hata leso, ndiye aliyetangulia kufika na kuelezwa. "Nesi, ukiwauliza mambo hayo unawatia wazo kichwani!"

"Mwalimu, umewauliza hesabu miaka ishirini. Mbona haziwaingii?"

Baba naye aliingia amefura. "Ana shida gani? Anakula, analala!"

"Hata kuku anakula na kulala, baba."

Binti akasema, kwa sauti ndogo, "Baba, silali." Yule mzee alitafuta kiti, akakikosa, akaketi juu ya mizani. Mshale ukaruka. Hakuna aliyecheka, hata Mama Vidonge, ingawa ilimgharimu.

Mchana huohuo binti, baba na nesi walikwenda hospitali, kwa mshauri. Mkuu, shingo upande, aliwaita wenye mabegi pamoja na wazazi wao.

Mambo hayakunyooka mara moja. Zilikuwepo wiki mbaya, na binti aliendelea kumwona mshauri muhula mzima. Lakini baba alianza kumfuata shuleni kila Jumatano. Kwa kuwa hakujua la kuongea na mtoto, alimsimulia mpira njia nzima.

"Nauchukia mpira," binti alimwambia Mama Vidonge.

"Umemwambia?"

"Bado. Namwacha kwanza azoee kuongea."