Ile Picha Flashi Ilikula Uso

Ukiniletea filamu leo nakurudishia yote, hata vipande ambavyo havionyeshi kitu. Zamani nilikuwa mjanja zaidi.

Shule niliachia Form Two, lakini giza nililipasi vizuri sana. Mzee mmoja wa studio pale Donholm alinifungia kwa chumba chake cha giza cha kuosha filamu, akanifundisha sheria moja: mteja asione makosa. Picha ikitingika, flashi ikiichoma, kata hiyo negativu, tupa. Mpe zile nzuri peke yake, atarudi.

Mzee alikufa, nikabaki na chumba na sheria. Miaka mingi ilikuwa picha za pasipoti tu. Halafu vijana wakaanza kuja na kamera za filamu za babu zao, wanaongea juu ya mwanga kama wahubiri. Wakiniuliza picha zingine ziko wapi, nawaambia zimeenda likizo. Tunacheka. Sikuwahi kujiuliza mbona wanaendelea kuuliza.

Siku moja akaja dada wa Komarock, bado amevaa ovaroli ya kiwanda huko Industrial Area. Akaweka kamera kwa meza polepole.

"Fundi, hii ilikuwa ya kaka yangu. Tulimzika mwezi uliopita. Ndani kuna filamu."

"Pole sana, siz. Kuja Ijumaa."

Nyingi zilikuwa zimeharibika. Nikaokoa tano: mama yao akianika nguo, watoto wa majirani kwa ploti, vitu kama hivyo. Zingine nikakata. Moja hata niliicheka. Mtu amejipiga picha kwa kioo cha kabati, flashi imerudi ikamla uso wote, imebaki shati la mistari, mikono, na bega moja limeshuka. Nikasema, huyu naye ni fundi kama mimi. Nikatupa kwa ndoo. Alhamisi watu wa takataka wakabeba.

Ijumaa yule dada akaziangalia zile tano, akageuza bahasha, akaitikisa.

"Zingine?"

"Zimeenda likizo."

Hakucheka.

"Yeye ndiye alikuwa anapiga kila mtu picha. Yake hatuna. Kwa jeneza tuliweka ya kitambulisho, akiwa kijana mdogo tu. Humu ndani hayuko hata kwa moja?"

Ningesema hapana na angeenda zake. Sijui ni nini ilinifanya nimwambie: kioo, ndoo, Alhamisi.

"Ukaitupa?"

"Ilikuwa mbaya, siz. Uso haukuonekana."

"Nani alikuambia mimi nataka uso?"

Kwa barabara kuna mtu alikuwa anauza mahindi choma, anaita wateja. Akairudisha bahasha kwa meza.

"Alikuwa amesimama aje?" akauliza.

Mimi huongea mpaka kinyozi jirani huongeza redio. Hiyo siku nikachukua tu kamera ya kaka yake. Nikasimama, nikaishika mbele ya uso, nikashusha bega la kushoto.

Aliniangalia muda mrefu. Kupitia lile dirisha dogo la kamera nilimwona ameziba mdomo.

"Shusha kidogo tena," akasema. "Alikuwa anabebea begi upande huo."

Nikashusha.

"Usisonge."

Sikusonga. Yeye bado anaangalia tu. Baadaye akaitoa kamera mikononi mwangu, akaondoka. Zile picha tano ziliachwa kwa meza. Mpaka leo hajakuja kuzichukua.