Beseni la Ayeyo

Nilipopangiwa kituo cha afya huko Balambala, nilikuja na shahada ya uuguzi na tabia ya kuuliza kwa nini. Muuguzi mkuu, mama wa miaka mingi kazini, aliichoka tabia hiyo kabla wiki haijaisha. Kwetu sisi wauguzi, mama akishajifungua hupimwa kila robo saa kwa saa mbili za kwanza: presha, mapigo, tumbo, damu. Yeye alimbonyeza mama tumbo mara moja, akaijaza fomu yote kwa mkupuo mmoja, akaenda kunywa chai. Nilimwuliza mbele ya watu amejuaje presha ya saa tano ilhali ni saa nne.

"Nimezoea," alisema.

Nikamdharau kimyakimya, kisomi.

Asubuhi moja nilipewa mama kijana aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Fomu yake ingekuwa ya kweli, niliapa. Kila robo saa nilikuwa kitandani. Kitambaa alichowekewa kama pedi kilikuwa safi, karibu kikavu, nami niliandika: damu, kidogo. Tumbo nililibonyeza juu ya baati, lile gauni pana la wanawake wa huku, kwa sababu mama mkwe wake alisimama pale na hakutaka lifunuliwe. Mapigo yalipanda kila nilipopima. Nikasema ni joto. Huku joto hubebeshwa lawama zote. Mara mbili mama aliomba maji, kisha akanyamaza. Nikaandika: amepumzika.

Mama mkwe huyo tulimwita ayeyo, yaani nyanya. Kila nilipofika nilimkuta akirudi kutoka nje na birika na beseni lililofunikwa kwa shela. Anatawadha, niliwaza. Mara nne, na adhuhuri bado. Mimi ni mtu wa kuhoji ibada za watu, basi nikashindwa kujizuia.

"Ayeyo, leo unaswali mara ngapi?"

"Swala gani? Mimi naosha nguo."

"Nguo gani?"

"Ya damu." Alinitazama kama anayemtazama mtu mzito wa kuelewa. "Wewe unakuja kila saa kuangalia. Mgeni anakuja, mimi naacha uchafu hapo? Natoa, naweka safi. Halafu wewe unaandika."

Nilifunua beseni. Vitambaa vilikuwa vitano, na cha juu kilikuwa bado kinachuruzika.

Niliita kwa sauti ambayo chuoni hawakunifundisha. Muuguzi mkuu alikuja na kikombe mkononi, akakiweka dirishani, akamfunua mama tumbo bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Uliligusa bila nguo?"

Niliweka kiganja changu hapo kwa mara ya kwanza. Mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Aliusugua kwa nguvu, bonge la damu likatoka, nami nikachoma sindano ya kukaza mfuko na kufunga dripu. Ayeyo alishika kichwa cha mkwewe akisoma dua, naye mkwewe hakufumbua macho. Tulisugua, tukasubiri, tukasugua. Mwishowe mfuko ulikaza chini ya kiganja changu, mgumu kama mpira, na mama akafumbua macho akaomba maji. Sijawahi kufurahia kiu ya mtu namna ile.

"Msomi," muuguzi mkuu alisema akichukua chai yake iliyopoa, "una swali?"

Fomu zake za uongo nilizozicheka zilikuwa za kina mama waliorudi nyumbani wazima. Yangu ilikuwa ya kweli mstari kwa mstari, na ilikuwa karibu imzike mtu. Yeye haandiki anachokiona, lakini angalau hugusa.

Nilimwomba ayeyo radhi, nikamweleza kwamba uchafu ndio ninaoutafuta, asiufiche tena. Aliona ni kazi ya ajabu ya kusomea miaka minne.

Robo saa baadaye nilikuwa mezani nikisahihisha fomu. Ayeyo alikuja na beseni lisilofunikwa shela, akaliweka juu ya karatasi yangu.

"Haya, daktari. Angalia."

Kitambaa kimoja, doa dogo. Nilivuta fomu kutoka chini ya beseni, nikaandika: damu, kidogo.